Mla Mbuzi Hulipa Ng'ombe: Habari za Deni na Mashamba ya Karafuu ya Unguja na Pemba

Ardhi haihami. Mwenye ng'ombe aweza kuwaswaga usiku akavuka nao mto. Mwenye jahazi aweza kutweka tanga akaenda asikojulikana. Lakini mwenye shamba hulikuta asubuhi pale pale alipoliacha jioni. Kwa sababu hiyo wakopeshaji wa kila zama wamelipenda shamba kuwa amana ya fedha zao, kwani mdaiwa aweza kutoroka, na shamba haliwezi. Lakini ingawa ardhi haihami, milki yake huhama, na mara nyingi huhama bila ya kelele, kwa kalamu na karatasi, mbele ya mashahidi wawili, huku minazi na mikarafuu ikiendelea kusimama kama kwamba hapana lililotokea.

Historia ya Unguja na Pemba husimuliwa aghalabu kwa majina ya masultani, kwa merikebu za kivita, kwa biashara ya watumwa na kwa mikataba ya mataifa. Ni haki isimuliwe hivyo. Walakini chini ya mambo hayo makubwa ulipita mkondo mwingine uliobadilisha hali za watu kwa upole na kwa hakika: bei ya fedha. Kwa bei ya fedha hakusudiwi bei ya kitu kinunuliwacho kwa fedha, bali kile alipacho mtu ili apewe fedha leo, naye azirudishe kesho. Bei hiyo ndiyo iliyoamua nani apande, nani anunue, nani ashike na nani apokonywe. Mhenga aliyesema kwamba mla mbuzi hulipa ng'ombe hakuandika kitabu cha uchumi, lakini habari za mashamba ya karafuu katika miaka zaidi ya mia moja ni kama sherehe ya maneno yake manne.

Mkarafuu haukuwa mti wa visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko mashariki ya mbali; kutoka huko Wafaransa waliupeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 ukaletwa Unguja. Jina la Saleh bin Haramil hutajwa sana katika habari za kuletwa kwake. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata kufa kwake mwaka 1856, aliona upesi faida ya mti huo. Husimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Wakubwa wa Kiarabu wakafuata mfano wake, na baada ya miaka michache vilima vya magharibi ya Unguja vikafunikwa na mikarafuu.

Sasa na ifikiriwe tabia ya mti huu, kwa maana tabia yake ndiyo mlango wa deni. Mkarafuu haumpi mpandaji wake kitu kabla ya miaka sita au minane kupita, na baada ya hapo huchukua miaka mingine kufikia nguvu zake. Katika muda wote huo lazima palimwe, miche itiliwe kivuli, na walimao wale. Hata mti ukisha kukomaa hauzai sawasawa: mwaka mmoja matawi huinama kwa vikonyo, na mwaka wa pili huwa kama mti wa porini. Wakati wa kuchuma ukifika hauna subira, kwani karafuu ikifunguka ua lake imekwisha thamani. Hivyo wachumaji hutakiwa wengi kwa mara moja, nao hutaka chakula na ujira kabla ya frasila ya kwanza kuuzwa. Basi mwenye shamba la karafuu ni mtu atoaye daima kabla ya kupokea. Akiwa na akiba, hutoa katika akiba yake. Akiwa hana, hukopa. Na wengi hawakuwa na akiba.

Aliyekuwa na fedha ni mfanyaji biashara. Katika mji wa Unguja walikuwako Wahindi waliotoka Kutch na Gujarati, Mabaniani na Waislamu, ambao nyumba zao za biashara zilikuwa na matawi yaliyofungamana na Bombay. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha kwa miaka mingi, na baadaye ushuru huo ukakodiwa na Tharia Topan. Mkodi wa forodha hakuwa mtoza ushuru tu. Alikuwa kama hazina na kama benki katika nchi isiyokuwa na benki. Sultani mwenyewe alikopa kwake. Sayyid Majid alipofariki mwaka 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba ya Jairam, na mrithi wake Sayyid Barghash akarithi kiti pamoja na daftari la wadai.

Fedha zilishuka kutoka juu kwa ngazi. Nyumba kubwa ilimkopesha mfanyaji biashara wa kadiri; huyo alimkopesha mwenye duka; na mwenye duka wa shamba, aliyekaa peke yake kati ya mikarafuu ya Pemba na magunia yake ya mchele na majora yake ya nguo, alimkopesha mkulima. Katika kila ngazi aliongezwa mtu wa kulipwa, na katika kila ngazi hatari ya kutolipwa ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo fedha zilizotoka mjini kwa bei nafuu zilimfikia mkulima mdogo zikiwa ghali. Huyu hakupewa hata fedha taslimu mara nyingi. Alipewa chakula na nguo kwa bei ya duka, naye akaahidi karafuu ambazo bado zilikuwa mtini, kwa bei ndogo kuliko ile ya soko. Alilipa mara mbili: mara moja kwa kununua ghali, na mara ya pili kwa kuuza rahisi.

Hapo lilizuka jambo la sheria. Wengi wa wenye mashamba walikuwa Waislamu, Waibadhi na Washafi, na riba katika Uislamu ni haramu kwa mlaji na kwa mlishaji. Mtu mcha Mungu hakuweza kuandika hati isemayo, "Nimekopeshwa 1,000, nitalipa 1,120." Lakini haja ya fedha haikungoja fatwa, na katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi watu walikwisha kupata njia ya kupitia. Njia hiyo ni bei ya khiyari, yaani mauzo yenye hiari ya kukomboa. Mwenye shamba hakukopa, aliuza. Alimwuzia mwenye fedha shamba lake kwa reale 1,000, kwa sharti kwamba akizirudisha katika muda uliotajwa, shamba litarudi kwake. Kisha siku ile ile, na pengine katika karatasi ile ile, mnunuzi alimkodisha mwuzaji shamba hilo kwa ijara ya mwaka, tuseme reale 120. Mwuzaji alirudi nyumbani kwake, akalala katika kitanda chake, akachuma karafuu zake kama jana. Jirani hakuona tofauti yo yote. Tofauti ilikuwa katika hati tu: jana alikuwa mwenyeji, na leo ni mpangaji.

Wanazuoni walizungumza sana juu ya jambo hili. Wako walioliona kuwa ni mauzo halali na ukodishaji halali, maana kila kimoja peke yake hakina kosa; na wako waliosema kwamba hila haihalalishi kilichoharimishwa, na kwamba ijara ile ni riba iliyovaa kanzu. Waamuzi wa Kiingereza nao, baada ya ulinzi wa Uingereza kuanza mwaka 1890, walielekea kuzitazama hati hizo kama rahani na ijara yake kama faida ya mkopo. Kwa historia ya mashamba, lililo muhimu ni kwamba jina lilibadilika na hesabu haikubadilika. Reale 120 kwa 1,000 ni 12 katika 100, liitwe jina lo lote. Tena ilikuwamo hatari moja isiyoonekana upesi. Katika mkopo wa kawaida mdaiwa akichelewa hushtakiwa, akajitetea, na shamba likauzwa kwa mnada, na kinachozidi deni akarudishiwa. Katika bei ya khiyari, muda ukipita bila ya kukomboa, shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa zamani. Aliyepokea 1,000 kwa shamba la thamani ya 2,000 aliweza kupoteza yote kwa nusu ya bei yake.

Bei ya fedha haikumgusa aliyekopa peke yake. Iligusa thamani ya kila shamba, hata la mtu asiyedaiwa na mtu. Shamba, kwa macho ya mnunuzi, ni chemchemi ya mapato. Ikiwa shamba humpa mwenyewe reale 120 safi kila mwaka baada ya gharama, litakuwa na thamani gani? Jibu hutegemea fedha zingeweza kuzaa nini mahali pengine. Tajiri aridhikaye na 8 katika 100 ataona kwamba 1,500 ni bei ya haki. Atakaye 12 hatatoa zaidi ya 1,000. Na pale ambapo fedha ni adimu hata mkopeshaji hupata 24 katika 100 kwa kuketi barazani, shamba lile lile, lenye miti ile ile na udongo ule ule, halitapata zaidi ya 500. Hakuna mti uliokatwa, wala mvua iliyopungua. Kilichobadilika ni bei ya fedha tu. Hivyo fedha zilipokuwa nyingi mjini mashamba yalipanda bei na wenyewe wakajiona matajiri. Na wadai walipofunga mikono mashamba yalishuka, na matajiri wa jana wakaamka maskini bila ya kufanya kosa lo lote shambani mwao.

Utajiri wa namna hii humshawishi mtu kukopa tena, na ushawishi wake hauna ujinga ndani yake, una hesabu. Wachukuliwe watu wawili kwa mfano, kila mmoja ana reale 1,000. Wa kwanza anunua shamba moja la 1,000 lenye karafuu za 250 kwa mwaka. Gharama za kulima na kuchuma ni 100, na faida yake ni 150. Wa pili ni hodari zaidi: anunua mashamba mawili ya namna hiyo kwa 2,000, nusu zake mwenyewe na nusu za kukopa kwa ijara ya 120. Mapato yake safi ni 300. Akisha kulipa ijara hubakiwa na 180. Kwa fedha zile zile 1,000 amempita mwenziwe kwa 30. Watu humsifu, huonekana mwenye akili, na wa kwanza huitwa mwoga.

Kisha bei ya karafuu ianguke. Karafuu zilizokuwa za 250 sasa ni za 150, na gharama ya kuchuma haikupungua. Wa kwanza hupata 50. Amepunguza nyama katika mchuzi wake, lakini analala salama. Wa pili hupata 100 kwa mashamba yake yote mawili, na ijara inayomngoja ni 120. Ametoka kuwa na ziada ya 180 akawa na upungufu wa 20. Wala si hilo tu. Kwa kuwa shamba sasa hutoa 50 tu, mnunuzi anayetaka faida ile ile ya 15 katika 100 atalithamini kwa reale 333. Mashamba mawili ni 666. Deni lake ni 1,000. Akiuza yote aliyo nayo hawezi kulipa, na mtaji wake wa kwanza umekwisha kama moshi. Deni huzidisha faida katika mwaka mwema, na kwa mkono ule ule huzidisha hasara katika mwaka mbaya.

Mfano huu si wa kubuniwa bure, kwa maana bei ya karafuu ilianguka kweli, tena zaidi ya mara moja. Kila mtu alipopanda, karafuu zikawa nyingi kupita haja ya dunia. Bei ya frasila ambayo katika miaka ya 1830 ilikuwa ya kuwatajirisha watu, katika miaka ya 1850 ilikuwa imeshuka sana, na mashamba mengi yaliyopandwa kwa tamaa yakabaki na rahani zake. Halafu, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikaipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu yake. Pemba, ambayo upepo haukuidhuru kwa kadiri hiyo, ikawa tangu hapo shina la karafuu. Uchache ukapandisha bei. Waliokuwa na miti Pemba walifurahi, na waliokuwa na mashamba Unguja wakakopa upya ili wapande upya, wakaanza tena kungoja miaka sita au minane ya mti usiotoa kitu.

Wakati huo huo msingi wa pili wa mashamba ulikuwa ukitikisika, nao ni utumwa. Mashamba yale yalijengwa kwa jasho la watu waliochukuliwa bara kwa nguvu. Na katika hesabu ya mwenye shamba, na ya mkopeshaji wake pia, watu wale walihesabiwa kuwa sehemu ya mali. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga masoko ya watumwa, na tarehe 6 Aprili 1897 ikatolewa amri iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Lililokuwa dhuluma likakoma kuwa mali. Aliyelimiwa bure alilazimika sasa kulipa ujira, na ujira ulitaka fedha taslimu. Mabwana waliokuwa wamezama katika deni hawakuwa nazo. Haki iliyowafungua watumwa ilifunua jambo lililofichika kwa muda mrefu: kwamba utajiri mwingi wa mashamba haukuwa utajiri wa udongo, bali ulikuwa utajiri wa kazi isiyolipwa, na kwamba wadai walikuwa wameikopeshea kazi hiyo kama kwamba itadumu milele.

Huenda mtu akauliza: ikiwa wadaiwa walishindwa hivyo, mbona mashamba yote hayakuingia mikononi mwa wadai mara moja? Jibu ni kwamba mkopeshaji mwenye akili hakulitaka shamba, alilitaka deni. Yeye alikuwa mtu wa duka na daftari. Shamba lingemtaka aajiri nokoa, atafute wachumaji, alinde wezi wa karafuu. Na kama wadai wote wangeuza kwa mara moja, bei ya ardhi ingeanguka wakapata hasara wote. Ilikuwa afadhali kwake mdaiwa akae, alime, achume, na kila mwaka alete karafuu zake. Asipoweza kutimiza ijara, kilichopungua kiliongezwa katika asili ya deni, na hati mpya ikaandikwa. Hivyo deni la baba likawa deni la mwana. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mambo haya daftari lilikuwa upande mmoja tu. Mdaiwa wengi wao hawakusoma maandishi ya Kigujarati yaliyowekewa hesabu zao, na walijua deni lao kwa kuambiwa.

Haifai, hata hivyo, mzigo wote kumtwika mkopeshaji. Naye alikuwa na wadai wake mjini na Bombay. Alikopesha bila ya kujua kama mvua itanyesha, kama bei itasimama, kama mdaiwa ataishi. Bila ya fedha zake mikarafuu mingi isingalipandwa kamwe. Wala si kila senti iliyokopwa iliingia shambani. Shamba kwa mtu wa zama zile lilikuwa heshima kabla ya kuwa biashara. Mwenye shamba alipaswa kuoza kwa karamu, kuzika kwa hitima, kupokea wageni na kwenda Hija kwa namna inayomfaa mtu wa cheo chake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Fauka ya hayo, sheria ya mirathi iligawa shamba la marehemu kati ya watoto na wajane wake, na mafungu yakazidi kuwa madogo mpaka mengine hayakutosha kumlisha mwenyewe, seuze kulipa ijara. Deni halikugawanyika kwa wepesi kama miti ilivyogawanyika.

Pwani ya Kenya iliona sura nyingine ya jambo hili hili. Kazi ya reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, watu waliotazama mbele walijua kwamba viwanja vya mji ule vitapanda bei. Wenyeji wengi walikuwa na ardhi na hawakuwa na fedha. Wageni wengi walikuwa na fedha na hawakuwa na ardhi. Aliyeweza kungoja alifaidi, na aliyebanwa na deni hakuweza kungoja. Hiyo ndiyo siri kubwa ya biashara ya ardhi katika kila nchi: faida humwendea mwenye pumzi ndefu, na pumzi katika biashara hiyo ni fedha za bei nafuu.

Mambo ya Unguja yalifikia kilele katika miaka ya 1930. Dhiki ya biashara iliyoanza mwaka 1929 ilienea duniani, na bei ya karafuu ikaanguka pamoja na bei za mazao mengine. Madeni yaliyoandikwa katika miaka ya bei nzuri hayakuanguka. Huu ndio ukali wa deni lililotajwa kwa fedha: mkulima aliyekopa thamani ya frasila kumi aliweza kujikuta anadaiwa thamani ya frasila ishirini, ingawa tarakimu katika hati haikubadilika hata nukta. Serikali ya ulinzi ikaagiza uchunguzi. C. A. Bartlett na J. S. Last waliandika taarifa juu ya madeni ya wakulima, iliyotolewa mwaka 1934, na katika mwaka huo huo zikatoka amri kadhaa. Moja ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishwe kwa mtu asiyekuwa wa jamaa hizo bila ya idhini ya Balozi Mkazi wa Kiingereza. Mfano wake ulikuwa sheria ya Punjab ya mwaka 1900. Nyingine ilihusu wakopeshaji, na nyingine biashara ya karafuu, ambayo ilikipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927. Tena utekelezaji wa hukumu za madeni yaliyowekewa ardhi ukasimamishwa kwa muda, na muda huo baadaye ukaongezwa.

Nia ya amri hizo ilikuwa kumwokoa mkulima, na kwa jambo moja zilimwokoa: ardhi haikumtoka. Lakini amri haiwezi kuizuia fedha isifikiri. Mkopeshaji aliyeambiwa kwamba hawezi kulichukua shamba alijiuliza kwa nini basi akopeshe juu yake. Milango ikafungwa. Shamba lisiloweza kuuzwa kwa mwenye fedha lilishuka bei, kwa kuwa wanunuzi waliobaki walikuwa maskini kama wauzaji. Na mkulima aliyehitaji mchele wa kuwalisha wachumaji aliuona mti wake umejaa na mfuko wake mtupu. Ulinzi uliompa usalama wa ardhi ulimwondolea njia ya kuitumia. Pengo hilo Chama cha Wakulima kilijaribu kuliziba kwa kuwapa wakulima fedha za kuchumia, kwa masharti mepesi kuliko ya duka.

Wahindi wa Unguja waliziona amri hizo kuwa zimewalenga kwa kabila lao, na Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon mwaka 1934, naye akazilaumu katika taarifa yake. Mwaka 1937 sheria mpya ilipokipa Chama mamlaka peke yake ya kununua karafuu za kupeleka ng'ambo, wafanyaji biashara wakagoma, na Baraza la Taifa la India likawataka watu wa huko wasinunue karafuu za Unguja. India ilikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa. Magunia yakalala ghalani. Mwezi wa Mei 1938 yakafikiwa mapatano: wafanyaji biashara wakaruhusiwa kupeleka karafuu nje, kwa sharti la kununua sehemu yake kwa Chama. Na kwa madeni ya zamani ikatungwa sheria ya kuyapima na kuyamaliza, hata wadai walipwe kile kilichoonekana cha haki, na wadaiwa wapewe nafasi ya kulipa polepole. Ndipo ilipodhihirika kwamba ugomvi uliosemwa kuwa wa makabila ulikuwa, katika kiini chake, ugomvi juu ya bei ya fedha na muda wa kulipa. Maana muda uliporefushwa na bei ilipopunguzwa, shamba lile lile lililoshindwa kulipa liliweza kulipa.

Sura hii ya historia ilifungwa kwa mkono mwingine. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi, na mwezi wa Machi mwaka ule ardhi yote ya Unguja na Pemba ikatangazwa kuwa mali ya serikali. Kuanzia mwaka 1965 watu wakagawiwa heka tatu tatu. Maduka ya rahani yakafungwa. Hati za bei ya khiyari, zilizokuwa zimewanyima watu usingizi kwa vizazi, zikawa karatasi. Wengi waliopokea heka zile walikuwa wajukuu wa wale waliopanda mikarafuu bila ya kumiliki hata tawi, na kwao lilikuwa fidia iliyochelewa. Lakini swali la zamani halikufa pamoja na hati. Mti ulizidi kuzeeka, mche mpya ulizidi kutaka miaka yake, na mwenye heka tatu asiyeweza kuziweka rahani aliepukana na mnada, naye pia akaepukana na mtaji.

Ikiwa habari hizi zina funzo, funzo lenyewe si kwamba mkopo ni mwovu wala kwamba ni mwema. Mkopo ni kama maji ya mfereji: yakija kwa kadiri hukuza, yakija kwa wingi hung'oa, yakikatwa hukausha. Mambo matatu huamua. La kwanza ni bei yake, kwamba isizidi kile ambacho ardhi yenyewe yaweza kuzaa katika mwaka wa kadiri, si katika mwaka wa neema. La pili ni muda wake, kwamba ulingane na umri wa kitu kinachopandwa au kujengwa. Mkopo wa miaka miwili kwa mti wa miaka minane ni mtego, hata ukitolewa kwa moyo mwema. La tatu ni daftari, kwamba lisomwe na wote wawili. Katika visiwa vya karafuu mambo haya matatu yalikosekana kwa muda mrefu, na kila yalipokosekana pamoja, mla mbuzi alilipa ng'ombe, na mwanawe akalipa zizi.

Siku hizi majumba hujengwa katika miji ya pwani kwa mikopo ya benki, na hati zake hupigwa chapa kwa mashine badala ya kuandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Mjenzi huhesabu vyumba vyake kama mababu walivyohesabu miti yao, na kodi ya pango kama walivyohesabu frasila. Afanyaye hesabu hiyo na aiongeze safu moja zaidi: safu ya mwaka ambao bei itaanguka na deni lisianguke. Safu hiyo ikiwa bado inamwachia kitu, na ajenge. Isipomwachia, basi nyumba ile, ijapokuwa ina jina lake mlangoni, ni ya mtu mwingine, na yeye ni mpangaji asiyejijua. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee. Na dawa hiyo hupimwa kabla ya ugonjwa, siku ile ya kutia sahihi.